Adapta ya Redio ya Babu

Baba Watoto,

Nimekimbilia kwa fundi na redio ya Babu, adapta yake imeungua. Ile ya mashine yako ya kunyolea inaingia, ila volti zake zingeikaanga redio, kwa hiyo ufundi wako pumzisha! Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe moto.

~~Babu usimsemeshe.~~ Mwombe Babu radhi. Ulipomwambia asubuhi asikilize kwenye simu yako, alinuna. Leo dada yako anasoma habari za saa saba kwa mara ya kwanza, na mzee anataka kumsikia kwenye redio yake mwenyewe. Nitaipata adapta kabla ya saa saba, hata nizunguke maduka yote.

Mzee keshavaa suti. Nikamwambia, “Baba, huko redioni hatakuona.”

Akanijibu, “Lakini mimi nitamwona.”

Mama Watoto