Pazia la Blanketi

Alhamisi, 4 Julai 1996

Baridi ya Julai imeingia bila hodi. Dirisha la chumba hiki lilikuwa limepinda tangu nihamie mtaa huu wa Huruma, na sasa putty inayoshika kioo imebanduka upande mzima. Upepo unapita kana kwamba nao unalipa kodi! Magoti yanauma, lakini hayo nimeyazoea. Linaloniuma ni la Javan. Alipolala hapa Aprili alikohoa hadi asubuhi, akasema kwa upole kwamba safari ijayo atalala kwenye lori. Mtoto wangu wa pekee, na lori limenishinda! Nilimwongezea chai tu.

Anapeleka mizigo Kampala na Kigali, hawezi kusema atapita lini. Husimama getini akatazama juu. Akiona taa yangu, hupanda. Basi mimi huwasha mapema kila jioni.

Dirisha hili nitaliziba.

Jumamosi, 6 Julai

Soko la Gikomba. Nimepata blanketi la kijivu, zito, limeliwa na nondo pembeni. Fundi wa sare za shule kama mimi hatishwi na tundu! Nimelishona: pazia langu la maua mbele, blanketi katikati, shuka kuukuu nyuma. Kwenye pindo la chini nimetia vikokoto lisipepee. Waya wa pazia ukalegea kwa uzito, ikabidi niombe kipande cha bomba kwa fundi wa maji. Nyufa nimezijaza magazeti.

Nzembi wa chumba cha pili alikuja kukagua. Akasema pazia lipite fremu, lilale ukutani pande zote, la sivyo upepo utazunguka. Kweli kabisa. Akauliza ni bwana gani anayeandaliwa hivi. Tukacheka sana. Alipoondoka, kimya kikarudi mahali pake.

Jumapili, 7 Julai

Joto! Nimekaa bila sweta. Lakini hata kelele za chini hazifiki — watoto, mhubiri na spika yake, hakuna. Miaka yote nimezilaani, leo nimezikosa. Nimewasha redio nipate sauti ya mtu.

Javan akija atashangaa.

Jumatano, 10 Julai

Wathome, mlinzi wa getini, alishtuka kuniona nikitoka kazini.

"Kumbe uko, Mama Javan? Jana jioni kijana wako alikuja. Nikaangalia juu, giza. Nikamwambia umeenda ushago."

Ni kweli nilimwambia mwezi jana kwamba huenda nikaenda kijijini kwetu Vihiga. Sikwenda. Anasema waliita sana. Waliita? Akina nani?

"Yeye na msichana. Anaitwa Mukai. Alikuwa na mtoto mgongoni, mchanga kabisa."

Walingoja kwenye baridi, kisha wakaondoka. Watapita tena Ijumaa jioni. Wasiponikuta watashuka Makueni, kwao msichana, na mtoto atabaki huko.

Nami jana nilikuwa hapa hapa! Taa inawaka, redio inaimba, nakunywa chai. Pazia langu zuri halikupitisha upepo, halikupitisha sauti, halikupitisha hata mwale.

Nina mjukuu. Sikuambiwa, na imeniuma. Sijui hata ni wa kike au wa kiume. Wathome hakuuliza. Nimelia kama mjinga.

Alhamisi, 11 Julai

Nimempa Wathome maagizo mpaka amechoka nami. Kumbe kesho ni zamu ya mwenzake! Anasema atamwachia ujumbe. Atasahau.

Pazia likiwa wazi wataona taa, lakini mtoto atakuta baridi. Likifungwa chumba kitakuwa na joto, ila la kumpasha nani? Nzembi anasema nifungue, mtoto hafi kwa baridi ya dakika tano. Yeye hakumsikia Javan akikohoa.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeomba ruhusa, nimerudi mapema. Chai ya maziwa, viazi vitamu. Pazia wazi, taa inawaka, mimi ndani ya makoti mawili. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Stima zimepotea! Huruma yote, mpaka Mathare. Dirisha langu giza kama madirisha ya wenzangu. Nimelifungua nisikie wakiita. Magazeti yote yameanguka. Nimeweka mshumaa hapo, upepo umeuzima. Nimewasha tena. Umezimwa tena.

Naandika kwa tochi. Chini nasikia mlinzi mgeni akimwambia mtu kwamba mama huyo hamjui, na saa hii hafungulii mtu. Nimeita. Jenereta ya baa imemeza sauti yangu.

Kuna mtoto analia. Huenda ni wa jirani. Huenda si wa jirani.

Nimelichomoa pazia kwenye bomba. Dirisha libaki hivyo hivyo. Nashuka nalo, na vikokoto vyake, nimfunike mtoto; ngazi ni giza lakini nazijua —