Mama Alipoyagusa Maji ya Kaskazini

Ijumaa. Joto la Maskati limenikaba koo, hata kiyoyozi hapa nyumbani Al Amerat kinahema. Tumerudi juzi kutoka Norwe, mimi na mama. Mwili umefika, moyo bado uko njiani.

Kaka yangu Khalfan alikuwa akisoma kule. Mwaka juzi, katika miezi ya giza, alikwenda na wenziwe kwenye ufuo wa mbali, kaskazini kabisa, nyuma ya mlima. Alisimama kwenye mawe yenye barafu, akaipa bahari mgongo ili apigwe picha. Wimbi likamchukua.

Hakupatikana. Tulimswalia hayupo.

Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja tu: "Nnataka nipaone."

Niliogopa. Nikamwandikia Ingrid, mwenye nyumba ya wageni karibu na ufuo ule, naye akanijibu bila kupamba. Wakati wa baridi jua halichomozi, na njia ni utelezi mtupu. Theluji ikianza kuyeyuka huporomoka kutoka mlimani. Kiangazi kikiisha zinaingia dhoruba. Njooni Julai, aliandika, lakini msidanganyike na jua. Maji yale yanaua mwaka mzima. Yeye mwenyewe angetuongoza, na kwa kuwa simu hazishiki kule, mumewe angebaki nyumbani akijua saa yetu ya kurudi. Tukichelewa, angewaita waokoaji.

Tukaenda. Mama alipanda kilima kwa viatu vya kuazima, abaya ameikunja juu ya suruali nzito. Hakulalamika hata mara moja.

Ufuo ni mzuri. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ingrid alitusimamisha juu ya mstari wa mwani mkavu, akayatazama mawimbi kwa muda mrefu. Kisha akamshika mama mkono mmoja, mimi nikamshika wa pili, tukashuka. Mama akachuchumaa, akajinasua mkononi mwangu, akautia mkono wake majini. Uso ukamkunjamana.

"Muulize," akaniambia. "Mwanangu aliteseka sana?"

Nikamuuliza. Ingrid akasema hajui. Nami nikamwambia mama hivyo hivyo: hajui.

"Mwambie ahsante," mama akasema. "Wote wengine wananambia hakuhisi kitu."

Ukungu ukaanza kuteremka. Ingrid akaashiria tuondoke. Mama hakuinuka.

"Nendeni. Mie nnabaki na mwanangu."

Nilimbembeleza, nikamvuta, sikumuweza. Mwisho nikamwambia, "Mama, tukichelewa watakuja kututafuta. Walewale waliomtafuta Khalfan."

Akaniangalia. "Nao wana mama zao," akasema, akanipa mkono nimwinue.

Leo asubuhi shangazi alipiga simu kutoka Ghubra. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia mama akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumefika alipofia marehemu Khalfan." Marehemu. Neno hilo halikuwahi kumtoka kinywani.

Nilizima jiko, nikakaa sakafuni.

Miezi yote hii nimeshughulika na viza, tiketi, makoti, dawa zake za presha. Kila aliyenipa pole nilimjibu kuhusu hali ya mama. Nilidhani huko ndiko kustahimili.

Mama akanikuta pale chini. Akakaa kwa taabu, magoti yanamuuma, akanilaza kichwa kifuani mwake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Na wewe mlilie kakako."