Ripoti Niliyoandika Juu ya Seif

Maalim Nasoro,

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kifo cha kiti chako cha plastiki, kilichotokea hapa Riyadh, chumbani kwangu Shumaisi, Jumanne baada ya chakula cha mchana, chini ya makalio yangu. Marehemu ameacha meza moja na birika. Ungekuwepo ungesema, "Karanja, si kiti kilochoka, ni wewe ulonona."

Tangu ulipotutoka, mengine yako vilevile. Bado nanoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, kwenye uwanja uleule wa hoki ya barafu. Nje lami inayeyuka, mimi ndani nimejifunga koti kama mchuma chai wa Limuru. Vijana wa hoki bado wananiita kocha, mimi ambaye nikikanyaga barafu naanguka kabla sijasalimia mtu. Ila Ijumaa simu hailii. Nilizoea unipigie kutoka Jeddah unisimange nusu saa, sasa sina wa kunitukana kwa upendo.

Habari yenyewe ni ya mwanao. Yule msaka vipaji wa ligi ya kulipwa ya ng'ambo, uliyemwandikia mpaka akachoka, alijibu. Timu yake inafikiria kumchukua Seif siku ya uteuzi, timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, lakini kwanza alitaka ripoti ya mtu aliyemwona akicheza. Mkeo Bi Zuhura akanipigia. "Shemeji, babake angejua cha kuandika. Sasa tumebaki na wewe." Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisifu.

Nikaja Jeddah, nikalala kwenu mtaa wa Kandara, nikalishwa kama bwana harusi, kesho yake nikaenda kumtazama.

Nilimtazama ulivyonifundisha. Unakumbuka mwaka ule wa kwanza? Macho yangu yote yalikuwa kwenye kile kisahani cheusi wanachokigombania kwa magongo, ukanishika shingo ukaizungusha. "Kisahani kila mpumbavu anakiona, yakhe. Beki mtazame kichwa." Beki anapokimbilia kisahani kwenye kona, anageuka mara ngapi kuona nani yuko nyuma yake? Asiyegeuka hafai, hata awe na nguvu za trekta. Basi nikakaa na daftari lako mapajani, nikitia alama kila kichwa cha Seif kilipogeuka. Ukurasa ulijaa, Maalim. Nilitamani uuone.

Nikaandika kwamba anausoma mchezo mapema, anateleza kinyumenyume bila kupoteza mtu wake, pasi yake ya kwanza inafika. Kwamba ni mwembamba bado, ila ana miaka kumi na minane na mama yake anapika. Kwamba ana kiburi kidogo cha kurithi. Nikamalizia: anafaa kuchaguliwa. Jamaa akajibu siku hiyohiyo kwamba ameridhika. Bi Zuhura akagawa halua kwa majirani.

Mpaka hapa kila neno ni kweli, na ndiyo maana naogopa. Leo sijaenda kwenye barafu.

Ripoti ile ni ya vipindi viwili. Mchezo una vitatu.

Katika kipindi cha tatu Seif alikimbilia kona ya kushoto. Akageuka kuangalia nyuma, kama ulivyomfunza, na wakati huohuo jamaa mmoja mkubwa akamfikia. Kichwa kikagonga ubao wa ukingo wa uwanja. Kisahani kilikuwa kimeshapita upande wa pili na watu wote walikifuata kwa macho, mpaka refa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitazama kichwa.

Aliinuka. Akateleza taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Watu wakacheka, wakidhani anafanya vituko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kwa sauti ili waendelee kudhani hivyo.

Walimrudisha uwanjani. Tangu hapo hakugeuka hata mara moja. Ukurasa wa kipindi cha tatu kwenye daftari lako ni mweupe.

Tulipotoka alinishika mkono. "Ami, usimwambie mtu. Kizunguzungu tu. Halas." Ndani ya gari akaniuliza nimefika lini kutoka Riyadh. Nikamjibu. Hatujafika taa za pili akaniuliza tena, kwa sauti ileile.

Hizo ni wiki tatu sasa. Bi Zuhura anasema kijana anashinda amefunga mapazia, mwanga unamuumiza, lazima ni wasiwasi wa uteuzi. Na mazoezini bado anaenda. Kila simu ikitoka Jeddah naiacha ilie kwanza. Naogopa kusikia ameanguka tena, na safari hii hakuinuka.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba sijui wewe ungefanya nini. Ulitaka afike huko kuliko ulivyotaka kupona. Nakaa nikijaribu kuisikia sauti yako, nasikia yangu tu.

Kwa hiyo sikuombi ushauri. Ijumaa napanda ndege ya asubuhi. Basi lina vituo vingi, na mimi ni mwoga, naweza kushuka njiani. Nitamwambia mkeo, Seif akiwa hapohapo asikie, na siku hiyohiyo tutampeleka kwa daktari. Kisha nitamwandikia yule msaka vipaji habari za kipindi cha tatu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Huenda wasimchague. Huenda asiniite ami tena.

Lala salama, rafiki yangu. Ukisikia wakisema hakuna aliyeona, usiwaamini. Niliona, Maalim. Niliona vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, na nikanyamaza.

Karanja wako