Nondo Wako wa Kahawia

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Nkuhungu tu wazima, na goti la bibi yako limepoa. Umeuliza kwa nini, uliposema kwenye simu unatafuta nondo katika msitu wa Pemba, nilitaka kujua ni za nani na nani kazificha huko.

Ujanani nililinda stoo ya ujenzi. Mwenzangu Salimu, mtu wa Kondoa, Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga. Asubuhi moja alinijia mbio: "Nondo zinatoka dirishani, nyingi!" Nikaenda kwa fundi mkuu, nikamwambia kwamba Salimu ameiba vyuma na sasa ananizuga. Tukafungua stoo. Vyuma vyote vilikuwepo. Kwenye magunia ya mtama wa chakula chetu ndipo wadudu wadogo wa kahawia, ambao nao huitwa nondo, walipoturukia usoni.

Salimu alikunja blanketi lake akarudi kwao.

Picha yako nimeikuza mara tatu. Ni mdogo, ana rangi ya kutu, na unasema haishi kwingine ila misitu ya kisiwa hicho. Mabawa nimeyaona. Lakini wenye msitu wanajua kwamba unamchukua?

Nakuuliza wewe kwanza. Salimu sikumuuliza.

Babu yako