Kahawa ya Mjane wa Birere

Goma, 2 Septemba 2025

Kahambu, mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka Birere. Sisi huku tunapumua. Benny anarefuka mpaka suruali zinamkataa, na mgongo wangu umetulia tangu niliponunua kigoda kirefu cha kukalia mbele ya kikaango. Na wewe je? Kile kikohozi cha Kampala kimekuacha? Unakula, au unakunywa chai tupu na kusema umeshiba?

Najua unacheka. Unasema mimi ndiye mtu pekee duniani anayeweka tarehe na sahihi kwenye WhatsApp. Masista walinifundisha hivyo, na mimi yaya wako, dada mkubwa, siwezi kumwandikia mtu wa damu yangu kama ninayemwita mtu wa moto, wa pikipiki, anipeleke sokoni.

Asante kwa ule ukurasa wa Facebook uliofungulia kahawa yetu. Sijauona vizuri kwa sababu mega zangu za intaneti zinaishia WhatsApp, lakini mteja mmoja wa mtaa wa Himbi alikuja na simu mkononi akiuliza kama mimi ndiye Mama Katungu wa kwenye picha. Nilijiona waziri! Ila alikuwa peke yake. Wengine wanapita na kwenda kwa jirani, anayechanganya kahawa na mahindi ya kuunguza ili iwe nyeusi. Ikiendelea hivi, mwezi wa kumi na mbili nitafunga.

Kasereka, baba yake Benny, anaondoka kesho kwenda Kalengera, njia ya Rutshuru, kutafuta kahawa mpya, kisha atapitia Bunagana aone soko la upande wa Uganda likoje. Huko ndani mtandao ni wa bahati, ameniambia nisishtuke akinyamaza. Tuombee.

Yaya wako,
Katungu


Kampala, 5 Septemba

Yaya wangu,

Nimefurahi kukusoma. Kikohozi kimeisha, chakula nakula, usinifanye mtoto. Kazi ya saluni ndiyo iliyokufa, mwenyewe amefunga, kwa hiyo sasa nina muda wote wa ukurasa wako.

Sikiliza nikuambie biashara ya mtandaoni ilivyo. Watu hawanunui kahawa, kahawa iko kila kona. Wananunua hadithi ya mtu. Sasa wewe kwenye picha zako unacheka meno yote nje kama uko harusini! Nitumie nyingine. Vaa kile kitambaa cheusi ulichovaa tulipomzika mama, kinapatana na rangi ya kahawa. Usicheke. Angalia chini kwenye kikaango. Nitumie na video fupi ukikoroga, bila kusema neno. Maneno nitaandika mimi kwa Kifaransa, maana wenye pesa wa Goma wanasoma Kifaransa. Wewe kaanga tu.

Msalimie shemeji akipatikana.

Mdogo wako,
Kahambu


Goma, 28 Septemba

Kahambu wangu,

Habari za siku nyingi? Hapa ni wazima, ila nimechoka uchovu mzuri. Umeniroga na hiyo Facebook yako! Tangu nikutumie zile picha za kitambaa cheusi, watu wanakuja mpaka nakaanga mara mbili kwa siku. Wanatoka Himbi, wanatoka Keshero, wengine wanashuka kwenye magari yenye vioo vya giza. Jirani wa mahindi amenuna.

Lakini kuna jambo silielewi. Wateja hawa wapya hawabishani bei. Wananishika mkono, hawauachilii, wananiangalia machoni. Juzi bwana mmoja alinitia moyo akisema, "Kuraji, mama. Mungu iko." Nikamjibu ndiyo, Mungu yupo, nikafikiri ni mchungaji. Jana Mama Perpétue wa parokia alileta mchele na maharagwe, akavua viatu kabla ya kuingia. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Usiseme kitu, mama, tunajua." Wanajua nini? Labda wameona paa langu linavuja.

Kasereka bado hajapatikana. Nikipiga, simu inaniambia nijaribu baadaye. Alinionya, kwa hiyo najikaza, lakini kila jioni bado naweka sahani yake mezani.

Niambie, uliandika nini hasa kwenye ule ukurasa?

Yaya wako,
Katungu


Kampala, 29 Septemba

Yaya,

Unaona? Nilikuambia! Niliandika tu kwamba wewe ni mama mwenye nguvu, unayepambana katika wakati mgumu. Watu wanapenda wanawake wenye nguvu. Usiongee sana na wateja, ukianza hadithi zako utawachelewesha. Shukuru, pokea, funga pakiti.

Shemeji atarudi, si mara ya kwanza kuzama huko. Nitumie video nyingine, ya mikono tu.

Mdogo wako,
Kahambu


Goma, 16 Oktoba

Kahambu,

Sijui nikuulize afya au nisikuulize. Haya, u mzima? Mimi sijui nilivyo.

Nitakuandikia yote kwa mpangilio, kwa sababu nataka uyasome kama nilivyoyapitia. Alhamisi iliyopita, asubuhi, Muzee Édouard alinipigia kutoka Butembo. Baba mkwe wangu hapigi simu ovyo, unamjua. Alikuwa analia. Aliniambia, "Mutoto wangu, ulificha namna gani kitu ya namna hii? Kasereka ametuacha, na sisi tunasikia kwa batu ya inje?"

Kahambu, nilianguka. Nani amuulize muzee anayemlilia mwanawe kwamba habari umeipata wapi? Nilifikiri ameipata kwa watu wa barabarani. Yeye alifikiri mimi ndiye niliyejua na nikanyamaza. Tulilia pamoja kwenye simu mpaka ikakatika, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Majirani walifunga bache, turubai la msiba, mbele ya nyumba, viti vikaja, kilio kikaanza. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilimwambia Benny baba yake hayupo tena. Wewe unamjua Benny. Alichukua koti la baba yake akajifunika nalo kichwa, akakataa kulitoa. Nililia mbele ya Birere yote. Wateja wako pia walikuja kutoa pole, wakinipiga picha.

Jumamosi mchana pikipiki ilisimama mbele ya bache ikiwa na magunia mawili ya kahawa, na Kasereka akashuka. Wanawake walikimbia wakipiga kelele. Yeye aliangalia viti, akaangalia mkeka, akauliza, "Ni nani amekufa hapa kwangu?"

Mama Perpétue ndiye aliyetoa simu, akanisomea maneno yako polepole na kunigeuzia kila sentensi kwa Kiswahili. Mjane. Mume aliyemezwa na vita kwenye njia ya Rutshuru, hata mwili haukupatikana. Mwanamke anayekaanga kahawa kwa machozi ili kumlisha yatima wake. Chini yake niko mimi, na kitambaa cha msiba wa mama yetu. Binamu wa Kasereka kule Butembo aliyaona, akakimbilia kwa muzee.

Umemzika mume wangu ili kuuza kahawa, na jembe umenishikisha mimi. Umenidanganya mchana kweupe! Nilikuuliza uliandika nini, ukaniambia mama mwenye nguvu.

Kasereka haamini kwamba sikujua. Anasema, picha ni zako, kitambaa ni chako, machozi ya kwenye mkeka kila mtu ameyaona. Kwao Butembo wanasema nilimlilia mtu aliye hai kwa faida. Ninataka kitu kimoja tu. Andika kwenye ukurasa uleule, kwa jina lako, kwamba ni wewe uliyetunga na mimi sikujua. Kisha mpigie Muzee Édouard umwambie hivyohivyo kwa mdomo wako.

Yaya wako,
Katungu


Kampala, 17 Oktoba

Yaya wangu,

Naandika nikilia. Nisamehe. Sikuandika jina la shemeji hata mara moja, niliandika "mume" tu. Huku kila mtu anafanya hivyo, ni matangazo, watu wanasoma na kusahau. Nilitaka usifunge. Na kweli hukufunga.

Lakini nielewe na mimi. Tangu saluni ife, ukurasa wako ndio kazi ninayowaonyesha watu. Kuna wenye maduka hapa Kampala wameniomba niwashikie kurasa zao kwa sababu ya wako. Nikisema ni uongo niliotunga, nani atanipa kazi tena? Nipe siku chache nitafute namna nzuri ya kulisema. Nitarekebisha, naapa kwa kaburi la mama. Muzee nitampigia.

Mdogo wako,
Kahambu


Goma, 3 Novemba

Kahambu,

Nilisubiri. Muzee Édouard hajapigiwa na mtu yeyote.

Namna nzuri uliyotafuta nimeiona. Mama Perpétue alinionyesha. "Muujiza Goma! Mume wa mjane wa kahawa arudi akiwa hai." Na picha ya harusi yetu, ile niliyokupa wewe uiweke kwa ukumbusho. Watu wameandika amina mpaka mwisho hauonekani. Wengine wameagiza kahawa ya muujiza. Hukurekebisha uongo, uliuzalia mtoto.

Nikanunua mega. Nikaandika chini yake, kwa Kiswahili changu, kwamba mimi ndiye Katungu, sikuwahi kuwa mjane, na maneno haya yalitungwa na mdogo wangu bila mimi kujua. Maneno yangu yalikaa muda wa kumimina chai, yakatoweka. Nikayaandika tena. Sasa ukurasa haunifungukii kabisa. Perpétue anasema umenizuia. Uso ni wangu, jina ni langu, kahawa ni yangu, na mlango umenifungia mimi! Nilidhani nimeshalia machozi yote. Hayo yalikuwa mengine.

Huyu mdogo wangu niliyembeba mgongoni, niliyemwachia sahani yangu. Inaniuma, Kahambu. Sitakuficha kwamba inaniuma kuliko kile kilio cha uongo, kwa sababu kile kilikuwa na mwisho.

Koko wa Benny, mama yake Kasereka, amekataa kusikia sauti ya mwanawe kwenye simu. Anasema siku hizi simu zinatengeneza kila kitu, hata sauti ya marehemu. Amenyoa nywele kwa msiba, anakula kidogo tu. Barabara ya Butembo haipitiki, kwa hiyo Kasereka ameamua kuzunguka Uganda, atokee Bunagana aingilie Kasindi, ili mama yake amshike kwa mikono. Muzee Édouard amesema mimi nisikanyage kwake mpaka aliyeandika aseme mwenyewe kwamba aliandika.

Kasereka aliondoka leo asubuhi. Nilimfungia chakula cha njiani, akakipokea. Nilimwomba awaambie kwao kwamba mimi sikujua. Alisimama mlangoni, hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Miye nitabaonyesha mwili yangu, na batasadiki. Weye, nitabaonyesha nini?"

Cha kuwaonyesha unacho wewe.

Katungu