Taa ya Kulia Niliyosema Inawaka

Mpendwa Baba Adhiambo,

Tangu tukuzike nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Leo nitaimaliza, hata kama inanitia aibu, maana kaka yangu Otieno ameniambia neno ambalo halinitoki kichwani.

Unaikumbuka asubuhi tuliyohama Maseno kwenda Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nafunga vyombo peke yangu, wewe umelala chali chini ya usukani wa gari letu kuukuu, miguu nje ya mlango, unahangaika na nyaya za indiketa. Zilikuwa zimezeeka hadi rangi zote zikawa moja, kahawia ya matope. Ulizikata, ukaziunga, ukazifunga tepu. Nilikasirika. Nyumba nzima iko uani na bwana mkubwa anacheza na waya!

"Mama Adhiambo, simama huko nyuma," uliita ukiwa umekaa kitini. "Nimewasha ya kulia. Inawaka?"

"Inawaka!"

"Ni ya kulia kweli?"

"Si nimekwambia inawaka? Twende, jua linapanda."

Sikuangalia, Baba Adhiambo. Nilikuwa nimekupa mgongo, nafunga godoro kwa kamba.

Otieno alitufuata na pikapu iliyobeba vitanda. Gari letu lilikuwa linakohoa, naye hajui kungoja. Alianza kupiga honi tangu mteremko wa Kisian. Mlikuwa na ile desturi yenu madereva: wa mbele akiwasha ya kulia, wa nyuma asipite, akiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe. Kwenye kona tukaliona basi linapanda mbio. Ukawasha ya kulia. Otieno akatoka kupita.

"Nimemkataza! Mbona anakuja?"

Ukazima, ukawasha tena. Kila ulipomkataza, taa ya kushoto ilikuwa inamwita. Nilishika dashibodi nikamlilia Mungu, "Nyasaye!" Pikapu ikawa ubavuni mwetu, nikauona uso wa kaka yangu dirishani. Ukakanyaga breki kumpa nafasi, naye akakata mbele yetu akaishia mtaroni. Basi likapita.

Alipona, lakini nyonga ilivunjika, na hadi leo anatembea kwa fimbo. Hospitalini ulimshika mkono ukasema, "Omera, ndugu yangu, nisamehe. Niligeuza waya." Nami nilitoka kumletea maji, nikakuacha uibebe lawama peke yako. Hukugusa waya tena. Hata balbu ya sebuleni ulimwita fundi. Watu walikutania, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Jumapili iliyopita nilienda kwa Otieno nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Dada, hiyo mimi nilijua. Shemeji aliniambia siku ileile, ulipotoka kuniletea maji. Alikuona kwenye kioo umeinamia godoro. Lakini ulikuwa umekasirika sana, akaogopa kukuuliza mara ya tatu. Akaniomba nisikwambie."

Nimelia, mume wangu, kisha nimekukasirikia upya. Miaka yote ile tulilala kitanda kimoja, kila mtu na siri ileile. Ungeniuliza tu mara ya tatu. Ningekugombeza, lakini ningegeuka.

Pumzika sasa, hilo tumelimaliza.

Mkeo,
Mama Adhiambo