Siku Lori Lilipowaka Tena

Mpendwa Baba Neema,

Juzi nilipita nyuma ya jengo letu hapa ugenini, Tensta, nikakuta mtu ameegesha kigari chake mahali pa lori lako. Nilimtazama kwa jicho baya mpaka akashusha kioo kuniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Lori tumeshauza, wewe unaishi kwenye nyumba ya kutunza wagonjwa, na nikija kukuona unaniita sista, ukidhani mimi ni mmoja wa wauguzi. Ndiyo maana naandika. Uso kwa uso mazungumzo yetu siku hizi hayafiki mbali.

Nakumbuka zile Jumamosi za mwanzoni, tulipokuwa tunahamisha watu. Wakongomani wenzetu, Watanzania, yule Mkenya mwenye vitabu vingi kuliko viti; kila aliyepata nyumba Akalla au Flemingsberg alimpigia simu Baba Neema. Mimi wiki nzima nilikuwa nageuza wagonjwa hospitalini, Jumamosi nabeba makochi, na bado ulisema nachagua upande mwepesi. Muongo mkubwa wewe.

Baridi ikikaza, magari yaligoma na watu wakaja kutugongea mlango. Mtu aliyekuja na betri mpya mkononi hukumwonea huruma. "Ulipima?" Mtu anajikuna kichwa. "Sasa unanunuaka dawa mbele ya kujua ugonjwa?"

Mimi uliniweka ndani, kwenye usukani, wewe ukabaki nje na mita yako ya kupimia umeme. "Washa!" Nawasha. "Zima!" Nazima. Ulinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka: lori la dizeli lina betri mbili zilizofungwa pamoja, volti ishirini na nne, injini ikinguruma, alternata inazichaji, na mita lazima ipande karibu na ishirini na nane. Isipopanda, usikimbilie dukani. Tazama kwanza mkanda kama umelegea, fuata nyaya moja moja, na alternata uituhumu mwisho. Nilikusikiliza huku nawaza nitapika nini. Lakini jambo likirudiwa miaka na miaka linaingia lenyewe.

Kwa hiyo niliogopa majira yale ya baridi, lori letu lilipoanza kufa kila asubuhi. Ulinunua betri mbili mpya. Hazikumaliza wiki, zikawa kimya. Ukanunua alternata, ukaifunga, lori likakataa vilevile. Mita ilikuwa kabatini muda wote huo. Nikakuuliza kwa upole, "Baba Neema, lakini umepima?"

"Weye njo fundi sasa?" ulinifokea, eti mimi ndiye fundi, mpaka Neema akafunga mlango wa chumba chake. Katika ndoa yetu tuligombana kwa mengi, lakini ulikuwa hujawahi kukasirikia swali lako mwenyewe.

Kesho yake nilikuletea mita, nikakuwekea mkononi. Jirani alituwashia lori kwa nyaya za lori lake, akaenda zake kazini, injini ikabaki inanguruma. Nikapanda nikakaa kwenye usukani kama zamani, nikangoja uniamrishe kitu mpaka nikachoka. Nikashuka. Ulikuwa umesimama mbele ya betri, umeshika waya mwekundu wa mita.

"Mama Neema," ukasema, "hii nyekundu inaendaka wapi?"

Ukitania huwa hunitazami. Siku hiyo ulinitazama machoni.

"Panda wewe," nikasema, "leo napima mimi." Ukapanda bila kubisha, na hilo likanitisha kuliko swali lenyewe. Nikapima kwenye alternata: ishirini na nane, nzima kabisa. Nikapima kwenye betri: hata ishirini na tano haikufika. Basi umeme ulikuwa unapotelea njiani. Nikafuata nyaya kama ulivyonifundisha. Upande wa chanya ulikuwa safi. Nikaja kwenye ule waya mnene wa hasi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi, nikashika nati yake. Ikazunguka kwa vidole vyangu. Betri za zamani pengine zilichoka kweli, lakini ulipozibadilisha uliirudisha nati mahali pake, ukasahau kuikaza, na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji ikaingia ikafanya kutu. Wewe, uliyekuwa ukikagua kila nati mara mbili na kunichelewesha kanisani. Nilikuambia uzime injini, nikakwangua kutu, nikakaza kwa spana, nikapiga kelele: "Washa!" Likawaka kwa mara ya kwanza bila msaada wa mtu, na mita ikapanda.

"Ilikuwa nini?" ukaniuliza.

"Chumvi," nikasema.

Furaha yangu ilidumu muda wa kunawa mikono. Nikiwa pale kwenye sinki nikaelewa nilichokifanya. Ule ubovu ndio uliokuwa umekuweka nyumbani, na mimi kwa akili yangu nyingi nilikuwa nimelitengeneza lori.

Jumatatu ukabeba vyombo vya familia moja kupeleka Flemingsberg, njia uliyoipita mara nyingi hata mimi ningeiendesha nimefumba macho. Mchana mama wa familia ile akanipigia: wamekaa sakafuni na watoto, lori halijafika. Ulirudi jioni na kila kitu kikiwa bado ndani. "Bale watu hawako," ukasema, ukimaanisha wenye vyombo. Sikukuuliza ulikuwa wapi siku nzima. Niliogopa jibu, na niliogopa zaidi kwamba huna. Neema, ambaye tangu utoto alitujibu kwa Kiswidi tu, akanivuta jikoni akaniambia kwa Kiswidi chake hichohicho: mama, lazima daktari ajue.

Tulipofika kwa daktari, baada ya maswali mengi ya kalenda na saa, akauliza kama bado unaendesha. Ukawahi kujibu, "Hapana, niliachaka." Kisha ukanigeukia. Ulijua mimi najua. Nikamwambia daktari kwa Kiswidi, taratibu, ili nisirudie: anaendesha. Lori. Kila wiki. Akakukataza kuendesha, funguo nikabaki nazo mimi.

Kwenye korido hukupiga kelele. Afadhali ungepiga. "Umeniuzisha, Mama Neema," ndivyo ulivyosema tu, yaani nimekusaliti, ukatangulia kwenda kwenye treni. Kwa miezi mingi baadaye ulipokea sahani ya chakula bila kunitazama, ukalala ukinipa mgongo. Nilijiambia hasira itaisha, tutaongea. Ugonjwa ukaniwahi. Ulisahau daktari, ukasahau Kiswidi chote, halafu ukanisahau mimi.

Sijutii, mume wangu, nakuambia wazi. Barabara ile ina watoto wa watu. Ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile. Kinachoniuma ni kwamba hatukupatana wakati bado ulijua unapatana na nani. Neema sasa anakaa kando ya kitanda chako akihangaika na Kiswahili chake kilichovunjika, wewe unamsahihisha, mnacheka. Mimi nasimama dirishani nawaonea wivu.

Jumapili iliyopita nilikuwa nakukata kucha. Ukaniuliza, "Sista, unamujuaka bibi yangu, Mama Neema?"

Nikasema namjua.

"Alininyanganyaka funguo ya lori." Ukanipa mkono wa pili. "Ukimuona, mwambie niko na hasira naye. Hasira mingi. Lakini akuye."

Aje, umesema. Nikakuahidi nitamwambia, nikainamisha kichwa juu ya vidole vyako nisije nikakukata.

Nimemwambia, Baba Neema. Anakuja Jumapili. Hasira yako mtunzie yeye, usiimalizie kwa sista.

Mkeo,
Mama Neema